Kibao cha Hamsini pale Naserian

Jumatatu, 12 Mei

Kibao kimesimama. Cheupe, duara jekundu, hamsini katikati. Mafundi walikisimika saa mbili asubuhi kwenye senta ya Naserian, kati ya Kitengela na Kajiado, mahali ambapo hadi jana sheria iliruhusu kilomita themanini kwa saa. Nilikuwepo. Nilivaa tai. Hakuna aliyepiga makofi.

Niandike kwa utaratibu, ili siku nikishtakiwa nijue nilianzia wapi. Mimi Githongo, karani msaidizi katika ofisi ya barabara, Kajiado. Mkataba wangu unaisha tarehe 30 Juni. Bi. Priscilla, mkuu wetu, amesema kibao hiki ni cha majaribio ya wiki mbili. Nikae Naserian, nipime kasi ya magari, nilete wastani. Wastani ukifika hamsini au chini yake, kibao kinabaki na mimi ninaajiriwa kwa kudumu. Usipofika, kibao kinang'olewa, themanini inarudi, na mimi... Hakumaliza sentensi. Alitazama dirishani.

Kasyoki, karani mwenzangu, anaitaka kazi hiyo hiyo. Amesema tangu azaliwe hajaona dereva wa barabara ya Namanga akitii bati. Ananiita Profesa wa Bati. Diploma yake ni ya mwaka mmoja!

Kipimo changu hakina dosari. Nimepaka mawe mawili chokaa, mita mia moja kati yake, kibao kikitangulia kidogo ukitoka Kitengela. Nakaa kwenye kibanda cha chai cha Nailantei, ambaye wote hapa humwita Mama Jackie. Gari likipita jiwe la kwanza nabonyeza saa ya simu. Likipita la pili nabonyeza tena. Sekunde saba nukta mbili ni hamsini. Sekunde nne na nusu ni themanini. Napima yanayotoka Kitengela tu. Mtu ana macho mawili na yote yanatazama upande mmoja.

Leo nimepima magari 318. Wastani: themanini na moja.

Wiki iliyopita, kabla ya kibao, ulikuwa themanini. Wameongeza! Kasyoki amesema labda kibao kimewakumbusha kwamba wanachelewa.

Mama Jackie aliniuliza bati hiyo ni ya nini. Nilimweleza kwamba gari la themanini likifunga breki hula zaidi ya mara mbili ya nafasi inayoliwa na gari la hamsini. Na kwamba mtu akigongwa kwa hamsini ana bahati fulani ya kuishi, ambayo kwa themanini karibu haipo. Alisikiliza vizuri, akikoroga chai. Boma lake liko upande huu. Shule iko upande ule. Binti yake Jackie, wa gredi ya pili, huvuka mara nne kwa siku kwa sababu chakula cha mchana huja kula nyumbani. Mwaka jana mtoto wa dada yake alianza kuvuka hapo hapo na hakufika ng'ambo.

Akasema basi hiyo bati ifanye haraka.


Jumanne, 13 Mei

Nimeamua kwamba watu hawasomi. Lazima waonyeshwe. Nilivaa jaketi ya kumetameta, nikasimama chini ya kibao, nikakielekeza kidole. Saa nne nzima!

Matokeo. Dereva wa lori la mawe alipunguza mwendo, akatoa kichwa, akauliza nani amekufa. Nilipomwambia hakuna aliyekufa alikasirika, akasema nimempotezea muda. Gari la watalii wanaokwenda Amboseli lilisimama wakanipiga picha. Probox moja ya kijivu, iliyojaa miraa hadi kwenye vioo, haikupunguza hata unywele. Upepo wake ulinirushia tai usoni nikaona giza.

Ilinibidi kuvuka kurudi kibandani. Nilisimama ukingoni dakika kumi na nane. Mimi si mwoga, ila ninajua hesabu. Asiyejua hesabu huvuka tu. Mwishowe Jackie, akitoka shuleni, alinishika mkono akaniambia, "Sasa. Kimbia." Nikakimbia. Kibanda kizima kiliona.

Wastani: sabini na tisa. Umeshuka kwa mbili! Nimeuandika kwa kalamu nyekundu. Kasyoki amesema hizo mbili ni za wale waliopunguza ili wanicheke vizuri. Ofisi nzima ikacheka, hata Mzee Mbugua, dereva wa Bi. Priscilla, ambaye hacheki hata siku ya mshahara.


Jumatano, 14 Mei

Jambo la ajabu. Saa tano kasorobo, bila sababu, magari yote yalianza kupita kama yanafuata jeneza. Arobaini na sita. Arobaini na tatu. Probox ile ile ya miraa, arobaini! Dereva amefunga mkanda! Niliitikisa simu nikidhani imeharibika.

Mama Jackie alicheka hadi akaweka birika chini. Akauliza kwani mimi nilizaliwa wapi. Kuna polisi huko mbele, akasema. Wanaotoka Kajiado wamewaona, sasa wanawapigia taa wanaokwenda. Mara mbili, pap pap. Kila mtu anajua.

Nilikaa chini. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Sheria ipo, imepigwa chapa. Sayansi ipo. Kibao kipo, kikubwa kuliko sinia. Hawatii! Lakini mtu wasiyemjua jina wala kabila akiwapigia taa mara mbili, wanakuwa watakatifu! Watu wasioweza kumsubiri mtoto wa gredi ya pili avuke wana huruma tele ya kuokoana wasishikwe! Niliyaandika haya yote nyuma ya daftari nikayapigia mstari.

Polisi waliondoka saa sita. Saa sita na dakika tatu, pikapu ya kuku: mia moja na nne.

Nikirudi nyumbani Kitengela nimepata wazo. Sitaliandika leo. Limenitoa jasho.


Alhamisi, 15 Mei

Ninaliandika. Polisi hawahitajiki. Zinahitajika taa tu.

Lemein anaendesha boda boda hapo stejini Naserian. Pikipiki yake ina taa tatu za mbele, moja ya buluu ambayo sikumuuliza aliipata wapi. Kazi niliyompa ni rahisi. Aelekee upande wa Kitengela kilomita mbili, ampigie taa kila anayekutana naye, arudi, aende tena. Aliuliza polisi wako wapi. Nikasema hawapo. Akafikiri. Akauliza kwa hivyo tunadanganya watu. Nilimjibu kwamba tunaelimisha.

"Sawa, karani," akasema. "Niko na mafuta ya kuelimisha mpaka saa nane."

Wastani: arobaini na nne!!!

Sijawahi kuweka alama tatu za mshangao katika maandishi yoyote. Nilikula ndazi mbili. Saa saba Jackie alivuka akitembea. Sijawahi kumwona akitembea pale. Hata Mama Jackie alitoka kibandani kutazama, mikono kiunoni, akasema kumbe bati linafanya kazi. Sikumsahihisha. Chai ya leo alikataa nilipie.

Je, nimevunja sheria? Nimesoma Sheria ya Trafiki kurasa ishirini kutafuta kifungu kinachokataza jambo hili. Sikukiona. Niliacha kusoma kabla sijakiona.


Ijumaa, 16 Mei

Wastani: arobaini na moja. Bi. Priscilla amesema "mm" kwa sauti ya juu kidogo. Jumatatu anakuja mwenyewe kuona.

Kasyoki ameshika karatasi yangu kama anayenusa maziwa. Ameuliza mbona Jumatatu nilihesabu magari 318 na leo 171. Nilisema si kazi ya kibao kuongeza magari. Akauliza hayo mengine yameenda wapi. Nikasema labda madereva wakorofi wameamua kubaki nyumbani. Wivu ni ugonjwa mbaya sana.

Mama Jackie naye ameharibu mchana wangu. Alinisalimu Kimaasai kwa "Sopa" kavu, nikaitikia "Ipa," akaanza. Hana wateja. Magari hayasimami, hata hayapiti. Yanapita nyuma ya boma lake! Kuna njia ya panya inayochepuka kabla ya kibao, ikazunguka mabanda ya mbuzi na kutokea mbele kabisa. Zamani ilikuwa ya ng'ombe na punda wa maji. Sasa ni ya malori ya mawe. Madereva wanaona taa, wanajua kuna polisi, wanachepuka. Asubuhi lori limebeba kamba yake ya nguo, pamoja na nguo.

Nilimweleza kwa heshima kwamba kipimo changu kinahusu barabara kuu, kati ya jiwe na jiwe. Nyuma ya boma haiingii kwenye wastani.

"Karani," akasema, "hiyo wastani yako iko na macho?"

Si swali la kitaalamu. Nilirudi kwenye saa yangu.


Jumapili, 18 Mei

Nimechora grafu ya rangi mbili. Mstari unashuka kama ngazi ya kwenda kisimani. Nimeitazama mara nyingi. Mvua imenyesha Kitengela tangu alfajiri, na wamesema upande wa Kajiado ni hivyo hivyo. Nimeomba Mungu isichafue mawe yangu ya chokaa.


Jumatatu, 19 Mei

Ya leo sitaki kuyaandika. Nitaandika hivyo hivyo.

Bi. Priscilla alikuwa awasili saa nne akitokea mkutanoni Nairobi. Nilimwagiza Lemein leo asimruke mtu. Apige taa zote tatu. Saa nne ikafika. Saa tano. Magari yalikuwa machache lakini yenye adabu ya ajabu, thelathini na nane, thelathini na tano. Nilijisikia kama askofu. Bi. Priscilla hakuonekana.

Saa tano na nusu simu ililia. Alikuwa yeye. Aliuliza kwa utulivu niko wapi. Nikasema niko kituoni, Madam, ninapima. Akasema yeye ananiona. Nikageuka huku na huku. Akasema nitazame nyuma ya boma la mama mmoja wa chai.

Nilikwenda. Mwenyewe najua udongo wa huku. Ukikauka ni jiwe, ukinyeshewa ni gundi nyeusi, na gari likishikwa halitoki hadi jua litake. Malori saba ya mawe. Probox ya miraa. Lori la ng'ombe wa soko la Bisil, ng'ombe wakilia. Na katikati, limezama hadi milangoni, gari jeupe la ofisi yetu lenye nembo, Mzee Mbugua amekaa nyuma ya usukani akitazama mbele kama mtu aliyefiwa.

Mbugua aliona taa. Pap pap. Alifanya anachofanya dereva yeyote wa nchi hii. Alichepuka. Dereva wa ofisi ya barabara, amefunga mkanda, bima hai, hana kosa hata moja, amewakimbia polisi ambao hawapo! Nimuulize alikuwa anaogopa nini? Sikuthubutu kuuliza. Bi. Priscilla alikuwa amesimama juu ya kiti cha kibanda cha Mama Jackie, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijapatikana mpaka sasa ninapoandika.

Pengine ningejiokoa. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kulaumu mvua. Ndipo Lemein akafika na pikipiki yake, taa tatu zikiwaka, akamsalimia Madam kwa heshima zote. Akaniuliza mbele ya watu wote kama aendelee kupiga taa au njia imejaa.

Saa saba watoto walitoka shule kuja kula. Jackie na wenzake walipita kati ya malori, chini ya mbao za nyuma za malori hayo, huku madereva wakiwasha injini na kurudi kinyumenyume wakijaribu kutoka. Mama Jackie alikuwa akipiga mabodi ya malori kwa mwiko akipaza sauti wasimame. Bi. Priscilla aliyaona yote kutoka juu ya kiti. Alinitazama mara moja tu.


Jumanne, 20 Mei

Barua ya kujieleza. Nimeijibu kwa kurasa nne. Bi. Priscilla amesoma ya kwanza.

Alisema hivi. Takwimu za wiki jana zimefutwa. Majaribio yanaisha Ijumaa, kwa hivyo nina siku tatu za kupima bila taa, bila boda boda, bila kumtisha mtu. Zikionyesha kasi imeshuka, kibao kitabaki. Zisipoonyesha, atakiondoa mwenyewe, na kwa mikono yake ataandika themanini. Kisha akasema jambo ambalo limenichoma. Kwamba nilipewa barabara niangalie watu, nikaangalia saa.

Si haki! Aliniambia nilete wastani. Sikuwahi kuambiwa nilete watu.

Kasyoki alikuwa akipiga mluzi. Wimbo wa kanisani, polepole.

Nimeenda Naserian alasiri. Wastani: sabini na nane.


Jumatano, 21 Mei

Saa nane kasoro dakika kumi. Jackie alikuwa anarudi shuleni baada ya kula. Lori la mawe, tupu, lilikuwa linatoka Kitengela. Nilibonyeza kwenye jiwe la kwanza. Nikamwona ameshaingia barabarani. Nikafumba macho. Nilisikia breki, ile sauti ndefu, na kelele za wanawake.

Nilipofumbua, lori lilikuwa limesimama likiwa limepinda, limevuka hata jiwe la pili. Jackie alikuwa ng'ambo, ameketi kwenye majani, mkoba kifuani. Mzima. Kiatu chake kimoja kilikuwa chini ya gurudumu la nyuma. Kidole changu kilikuwa kimebonyeza simu chenyewe.

Nilipima alama za matairi kwa hatua. Thelathini na moja. Nilifanya hesabu pale pale. Lingekuja kwa hamsini lingesimama mita nyingi kabla yake, na kiatu kingekuwa mguuni. Hesabu ni sahihi. Nimeirudia mara tatu. Nilitaka kumwonyesha Mama Jackie, maana ndivyo nilivyomwambia siku ya kwanza.

Hakutazama daftari. Alikuwa amemshika mtoto, anampapasa miguu, mmoja, mwingine, tena wa kwanza. Kisha akaniuliza, bila hasira, saa yangu imemsaidia nini. Bati limemsaidia nini. Nikasema kibao peke yake huhitaji muda watu wakizoee. Akasema watu wa hapa wamekwisha kuzoea kuzika.

Wanawake wengine walianza kuja. Mzee Parmuat, mwenyekiti wa soko la mbuzi, naye alikuja, akasimama mbele ya lori na fimbo yake. Niliondoka mapema. Nilihisi jambo linakuja ambalo halina fomu.


Alhamisi, 22 Mei

Halina fomu kabisa!

Nilipofika saa tatu barabara ilikuwa imefungwa. Mawe, matawi ya miiba, ng'ombe kumi na mbili. Foleni hadi usiweze kuona mwisho wake. Katikati ya lami, baina ya mawe yangu mawili, wanawake wa Naserian walikuwa wanajenga tuta. Lori la kwanza la murramu, ule udongo mwekundu wa kujengea barabara, lililopita lililazimishwa kumwaga mzigo. La pili lilimwaga kokoto. Dereva wa la tatu, akasema Lemein, alimwaga kwa hiari yake, maana ana watoto.

Nilipaza sauti, kadiri yangu. Nilisema tuta kwenye barabara kuu linahitaji ombi, uchunguzi, kibali, rangi, na kibao cha kuonya mita hamsini kabla. Nilisema watakamatwa. Nilisema na mimi nitakamatwa. Parmuat aliniuliza ombi linachukua muda gani. Nilijibu miezi minane, likienda vizuri. Wanawake walicheka, si vibaya.

"Mwenzetu ni mtu wa vitabu," Mama Jackie akawaambia. Akanipa sepetu. "Karani, ukiongea ukichota utachoka vizuri."

Nilichota. Daftari nimelibana kwapani. Sijui ni kwa nini nilichota. Nadhani ni kwa sababu sikujua namna ya kurudisha sepetu.

Saa sita waliondoa miiba. Magari yakapita. Kila moja lilifika pale, likainama, likapanda, likashuka kama mzee anayekaa. Nilibonyeza. Ishirini na mbili. Kumi na tisa. Probox ya miraa, ishirini na nne, na dereva amemkaripia abiria wake aliyecheka. Jackie alivuka saa saba na kikombe cha uji mkononi. Haukumwagika.

Wastani: ishirini na tatu. Sikujua niuandike kwa kalamu gani.


Ijumaa, 23 Mei

Wastani: ishirini na nne. Ripoti ifike saa nane kwa kamati ya barabara, inayoidhinisha vibao.

Kasyoki alinitazama nikiandika. Bila utani, akasema niandike mambo yalivyo. Kibao peke yake kilishusha mbili, labda tatu. Taa za uongo zilihamisha hatari nyuma ya boma. Tuta ndilo lililowapunguza. Kwa hivyo waweke hamsini na tuta pamoja, wapake rangi, waje na polisi wa kweli mara moja moja. Ni aya moja, akasema.

Rahisi kwake! Hakushika sepetu! Nikiandika tuta, wataniuliza tuta lina kibali gani. Wataniuliza nilikuwa wapi likijengwa. Kuna watu walipiga picha. Na kamati inajaribu kibao, si murramu. Kama kibao hakikufanya kazi, karani wa kibao ni wa nini?

Niliandika kurasa kumi na sita. Neno tuta halimo. "Baada ya kusimikwa kwa kibao cha hamsini, wastani wa kasi pale Naserian umeshuka kutoka 80 hadi 24." Hakuna uongo hata herufi moja. Kibao kilisimikwa. Wastani umeshuka. Ni baada ya.

Bi. Priscilla yuko Nairobi. Alipiga simu. Aliuliza kama kuna taa. Hakuna. Kama kuna mtu anayetisha madereva. Hakuna. Kama kila sekunde niliyoandika ni ya kweli. Kila sekunde, Madam. Akasema basi pengine alinihukumu haraka. Hakuniuliza kuhusu udongo.


Jumatatu, 26 Mei

Nimeajiriwa kwa kudumu! Barua ina muhuri. Nimeisoma chooni mara tano.

Kamati imefurahi mno. Haijawahi kuona kibao chenye nguvu namna ile. Imeazimia kwamba, kwa kuwa kibao peke yake kimetosha, hakuna haja ya matuta katika barabara hii. Imeazimia vilevile kwamba tuta haramu lililoripotiwa na dereva fulani pale Naserian lisawazishwe mara moja. Greda litatoka Jumatano asubuhi. Amri ya kazi iandaliwe na karani wa kudumu.

Ndiye mimi.

Mama Jackie alipiga simu saa saba. Ananitafuta tangu asubuhi, chai ipo, na Jackie sasa huvuka peke yake hata bila kuitwa. Nilimwambia niko mkutanoni. Nilikuwa chini ya meza nikitafuta kalamu.

Kasyoki hakunipongeza wala hakunicheka. Alisema Madam amerudi, mlango wake uko wazi, na aya moja bado ni aya moja. Nilikwenda hadi mlangoni. Nilishika kitasa. Kilikuwa baridi. Barua ilikuwa mfukoni, upande wa moyo, ikilia kila nilipopumua. Bi. Priscilla aliinua macho akauliza kama nina jambo la kuongeza kwenye ripoti.

Nilimuuliza kama angependa chai.

Wamenifikisha hapa wenyewe! Kamati isiyojua kuuliza! Dereva mchongezi! Nani huripoti tuta?


Jumanne, 27 Mei

Nimepata jawabu. Nashangaa kwamba sikuliona jana. Hasira huziba akili.

Greda haliwezi kufuata azimio la kamati. Linafuata amri ya kazi. Mwenye greda hajui Naserian wala Mama Jackie. Anajua karatasi. Na karatasi naijaza mimi. Inataka tuta moja tu: mahali, urefu, alama ya karibu. Likisawazishwa tuta moja, fomu inafungwa, kamati inatulia, na Jackie anaendelea kuvuka na uji wake. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyedanganywa, isipokuwa greda.

Ugumu ulikuwa kupata tuta jingine lisilo na maana. Nilifikiri saa nzima. Ni lazima liwe tuta ninalolijua vizuri, nisije nikafanya makosa. Ndipo nikalikumbuka lile la Kitengela, mbele ya lango la ploti ninayopanga, mkabala na shule ya nasari. Nimeliandika. Bi. Priscilla ametia sahihi pamoja na karatasi nyingine kumi. Kesho saa mbili asubuhi.

Nafsi yangu imetulia kabisa. Nimekaa pale miaka miwili, navuka kila siku, na sijawahi kuona gari hata moja likipita kwa kasi. Watoto wa nasari huchezea katikati ya njia, wala hakuna anayewashika mkono. Tuta lile halina kazi yoyote.